Jinsi ya kuinasa glichi inayojificha kwenye mawimbi yanayojirudia

Kuna ile hali saketi inapiga kazi fresh tu afu ghafla inaganda bila sababu, ukichomeka oskiloskopu (mashine inayochora volti kwa muda kwenye skrini) kwenye laini ya kloko, yaani ile ishara ya juu-chini inayoipa saketi mdundo, unaona wimbi la mraba safi limetulia, unaitolea macho wee mpaka unachoka, hakuna kitu. Usiiamini hiyo skrini. Mawimbi yanayojirudia yanadanganya kuliko yote maana kila mzunguko unafanana na uliopita, ule mmoja mbovu kati ya mamilioni, wenye glichi yaani kasoro fupi ya ghafla, unafunikwa na wenzake wazima, na kibaya zaidi mara nyingi mashine yenyewe hata haikuuona.

Tuanzie hapo maana wengi hawalijui hili. Oskiloskopu ya dijitali haiangalii muda wote. Inachukua kipande, inakichakata, inakichora, ndo inarudi kuchukua kingine, na wakati inachakata na kuchora ni kama mlinzi aliyesinzia getini. Piga hesabu: umeseti nanosekunde 100 kwa kila kijumba cha gridi, skrini ina vijumba 10 kwa upana, kwa hiyo kipande kizima ni mikrosekunde 1. Mashine ikichukua vipande 1,000 kwa sekunde maana yake ndani ya sekunde nzima imeona milisekunde 1 tu, yaani asilimia 0.1, kwingine kote hamna kitu. Sasa tuseme glichi inatokea mara 10 kwa sekunde, ambayo ni nyingi sana, bado utasubiri kama dakika 5 ndo uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba umeiona hata mara moja. Mashine inayochukua vipande 100,000 kwa sekunde inahitaji kama sekunde 3. Kwa hiyo mtu aliyechungulia nusu dakika kwa mashine ya taratibu akasema "laini iko safi" hajapima chochote.

Kabla ya kuanza kuwinda hakikisha glichi yenyewe huitengenezi wewe. Probu, ule waya wa kupimia, weka kwenye 10X (inapunguza ishara mara kumi), irekebishe kwa lile wimbi la mraba la kilohezi 1 linalotoka kwenye mashine yenyewe, zungusha kiskrubu mpaka kona ziwe bapa, zisiwe za mviringo wala zisichongoke. Afu ule waya mrefu wa graundi wenye klipu ya mamba achana nao kabisa ukipima vitu vya kasi, urefu wake unaleta mtetemo kwenye kingo za palsi (kila volti inapopanda na kushuka) ambao haupo kwenye saketi, tumia ile springi fupi inayokaa kwenye ncha ya probu. Na angalia bandwidi, yaani masafa ya juu ambayo mashine inayamudu: chukua 0.35 gawanya kwa bandwidi unapata muda wa kupanda ambao mashine inaumudu, mfano megahezi 100 ni nanosekunde 3.5, kitu chenye kasi zaidi ya hapo kitaonekana kimelala na kimepungua urefu.

Jambo jingine, zima averaji, ile modi ya kuchora wastani wa vipande vingi. Sijui kwa nini watu wanaipenda hivyo, labda kwa sababu picha inapendeza. Ukiweka averaji ya 64, glichi ya volti 3 iliyotokea mara moja inagawanywa kwa 64 inabaki kama milivolti 47, hapo hata ukiwa na macho ya tai utadhani ni kelele za kawaida. Averaji ni ya kupima umbo la wimbi zima, kwenye kuwinda kasoro ni adui. Na ukivuta muda uwe mrefu washa piki ditekti, kwa sababu memori ya pointi 10,000 ikigawanywa kwa milisekunde 100 inakupa pointi moja kila mikrosekunde 10, glichi ya nanosekunde 100 inapita katikati bila kuguswa. Piki ditekti inashika cha juu kabisa na cha chini kabisa ndani ya kila hiyo nafasi.

Haya, sasa kazi yenyewe. Hatua ya kwanza unataka kujua tu kama kasoro ipo na ina sura gani, kwa hiyo washa pesistensi isiyo na mwisho, kila mchoro unabaki skrini juu ya mwenzake, acha mashine ikae hapo we nenda kafanye mambo mengine. Ukirudi angalia vimistari vyembamba vilivyo nje ya ule mnene. Kimoja kimepanda nusu kikashuka? Kimefika mapema kuliko wenzake? Kuna mwiba katikati ya sehemu bapa? Hiyo sura ndo itakuambia useti triga ipi, yaani sharti la kuifanya mashine ifyatuke na kunasa kipande, usiruke hatua hii.

Na triga ndo moyo wa mambo yote. Ukitumia triga ya ukingo kama kawaida, ile inayofyatuka wimbi likipanda au kushuka, mashine inafyatuka kwa kila mzunguko mzima, inapoteza muda kuchora vitu ambavyo hata huvihitaji. Ukiiambia ifyatuke kwa kitu kibovu peke yake, inakaa imejikoki muda wote inasubiri, ule upofu wa kuchora unakuja baada ya kunasa tu. Mfano kloko ya megahezi 10 yenye nusu juu nusu chini, kila palsi inatakiwa iwe nanosekunde 50. Weka triga ya upana wa palsi, chini ya nanosekunde 40, palsi nzima zote zinapita bila kuisumbua, ikija ya 30 inanaswa. Afu geuza, weka zaidi ya 60, maana mzunguko uliorukwa unaonekana kama palsi ndefu. Kama kwenye pesistensi uliona palsi iliyoishia katikati basi tumia triga ya ranti, unaipa mistari miwili, kwa TTL (aina ya chipu za volti 5) weka volti 0.8 na volti 2.0, inafyatuka kwa palsi iliyovuka wa chini ikarudi bila kufika wa juu. Modi iwe nomali, isiwe oto, kwa sababu oto ikikosa triga inachora tu chochote ilichonacho, utashangilia umenasa kumbe ni mzunguko wa kawaida.

Ukishainasa, usikimbilie kubadilisha IC (chipu). Uliza inatokea lini. Kama mashine ina memori ya vipande iwashe, kila tukio linahifadhiwa na saa yake, linganisha nafasi kati ya tukio na tukio. Zikiwa sawa sawa kuna kitu chenye mdundo kinaingilia, pawasaplai ya kuswichi, mota, laini ya jirani. Zikiwa ovyo ovyo fikiria mguso mbaya, solda iliyopasuka, au saketi mbili zenye kloko tofauti zinazokutana. Chaneli ya pili peleka kwenye volti ya saplai pale pale karibu na mguu wa IC, AC kapling (inaondoa volti isiyobadilika uone mtikisiko tu), triga ibaki chaneli ya kwanza. Saplai ikizama kila glichi inapotokea na kuzama kukatangulia, umempata mwizi. Kuzama kukija baada, hayo huenda ni matokeo tu.

Mashine yako haina hizi triga? Rekodi kipande kirefu, kitoe kwenye faili, kata mizunguko kwa Python (lugha ya kuandikia programu) uilaze mmoja juu ya mwingine, chukua mediani ya kila pointi (mediani, sio wastani, kasoro isikuvurugie kipimo) toa kwenye kila mzunguko, unaobaki na tofauti kubwa ndo huo.

Baada ya kurekebisha acha triga ile ile ikae. Kama glichi ilikuwa inakuja kwa wastani kila dakika 10 bila mpangilio, subiri mara tatu ya hapo, dakika 30 bila kufyatuka hata mara moja, ndo unaweza kusema kwa asilimia 95 kwamba kitu kimebadilika. Kama ilikuwa mara moja kwa siku basi ni siku 3, hamna njia ya mkato.