Ruta juu, waya chini: kugawa intaneti moja katika nyumba ya mawe

Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na pengine zaidi. Wi-Fi ya ruta ya kawaida huvuka ukuta wa kwanza kwa taabu, wa pili haiuvuki. Tuseme una kompyuta nne: moja dukani chini, mbili ghorofa ya kwanza, moja ya watoto wa skuli ghorofa ya juu. Usikimbilie vile vidude vya kurefusha Wi-Fi. Vile vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu papo hapo. Vuta waya.

Utahitaji ruta ya 4G yenye angalau milango miwili ya LAN, yaani matundu ya waya za kompyuta (au ruta ya faiba, kama imefika mtaani kwako), swichi ya milango 5 (kisanduku cha kugawa waya mmoja kwa kompyuta kadhaa), kebo ya Cat5e (waya wa mtandao wenye nyuzi nane), krimpa (koleo la kubana vichwa), testa ya kupimia waya, na vichwa 15 vya RJ45, vile vya plastiki vya ncha za kebo. Kazi yenyewe inataka vichwa 10, au 12 ukiongeza ruta ya hatua ya 5. Vilivyobaki ni vya kuharibika, na vitaharibika. Swichi ya Mbps 100 (kipimo cha kasi) inatosha kabisa kama bando lako halifiki kasi hiyo. Ya Mbps 1000 nunua tu ikiwa mnahamishiana mafaili makubwa humo humo ndani.

Kebo ikaguliwe dukani kabla ya kulipa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika ukiikunja, na kwa chumvi ya hewa yetu haikai. Ya kupita nje iwe yenye ganda jeusi la kuhimili jua. La kijivu la ndani hupasuka.

Hatua ya 1: ruta iende juu

Vichochoroni signali haishuki vizuri, kwa hiyo ruta ya 4G ikae ghorofa ya juu, dirishani. Fungua ukurasa wake kwenye kivinjari (192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani imeandikwa chini ya kifaa) utafute namba ya RSRP, yaani nguvu ya signali. -85 ni nzuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 hamia dirisha jingine. Kusogea mita mbili tu kunaweza kuibadilisha sana.

Hatua ya 2: njia ya waya

Ghorofa tatu za mita 4 ni mita 12. Ongeza kona na mita 2 za akiba kila mwisho. Ukomo wa kebo ni mita 100, huko hutofika. Pitia uani au kando ya ngazi, sentimita 20 mbali na nyaya za umeme. Ukilazimika kutoboa, vuta waya kwanza ndipo ubane kichwa: tundu la milimita 8 linatosha, na chokaa haimeguki sana. Ukuta wa nje usiguswe kabla ya kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Waya unaoingia kutoka nje uache ulegee kidogo chini ya tundu, ili maji ya masika yadondokee hapo badala ya kuufuata mpaka ndani.

Hatua ya 3: kubana vichwa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Menya ganda sentimita 3, nyoosha nyuzi, zipange huku ulimi wa kichwa ukitazama chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate kwa usawa zibaki kama milimita 13. Ukiziacha ndefu, msokoto unafunguka na mawimbi yanaingiliana. Sukuma hadi uone shaba zote nane zimegonga mbele, na ganda la kebo limeingia chini ya kibano. Hapo ndipo ubane. Kosa la kawaida ni kijani kukaa pamoja na nyeupe-kijani. Jozi hiyo inaruka: moja namba 3, nyingine namba 6. Testa itawasha taa 1 hadi 8 kwa mfuatano pande zote mbili. Zikivurugika, kata ubane upya.

Hatua ya 4: kuunganisha

Kompyuta ya juu ichomeke kwenye ruta moja kwa moja. Waya wa pili kutoka mlango wa LAN ushuke hadi kwenye swichi ghorofa ya kwanza, na humo zitoke za kompyuta mbili na ya dukani. Hakuna cha kusanidi. Ruta inagawa anwani yenyewe, namba ya kila kifaa mtandaoni. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, haijapewa: angalia waya. Mtandao mzima ukizimika ghafla na taa za swichi zikimetameta kama wazimu, kuna mtu amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi.

Hatua ya 5: simu za chini

Kuzipa Wi-Fi simu za chini, ruta kuukuu inafaa hapa. Ipe anwani tofauti ndani ya mtandao uleule (ruta kubwa ikiwa 192.168.8.1, hii iwe 192.168.8.2), zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha uichomeke kwenye swichi kwa mlango wa LAN, si WAN (ule wa kuingizia intaneti). Ukisahau kuzima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani, baadhi ya kompyuta zitapata intaneti na nyingine hazitopata, na utahangaika kutwa.

Hatua ya 6: bando

Kompyuta nne za Windows zikijisasisha usiku mmoja, GB zako kadhaa zimekwenda. Kwenye kila moja washa Metered connection (mpangilio wa kuiambia Windows kuwa bando lina kikomo), upande wa waya na wa Wi-Fi. Ni mipangilio miwili tofauti.

Umeme ukikatika, UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 huishikilia ruta kwa saa kadhaa. Swichi usiichomeke humo kabla ya kusoma adapta yake: nyingi ndogo ni za volti 5 au 9, tundu linafanana na la ruta, na volti 12 zitaiunguza. Bandika utepe wenye volti kwenye kila adapta.