Somo: Msaidizi wa ofisi halmashauri, kuanzia siku ya kuripoti hadi jalada kurudi masjala

Wadau, kila tangazo la ajira za halmashauri likitoka, maswali ni yale yale: msaidizi wa ofisi anafanya nini zaidi ya chai na ufagio? Nimeitumikia kada hii katika halmashauri mojawapo hapa mkoani Kigoma na sasa nipo masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, kwa hiyo naandika kwa jicho la anayebeba jalada na la anayelisubiri lirudi. Mwenye haraka aruke hadi hatua ya nne, maana kazi yenyewe iko pale.

Matangazo huwa yanataka mtu aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Majukumu yanayoandikwa ni usafi wa ndani na nje, kufungua na kufunga ofisi, chai, kudurufu, kwenda posta, kusambaza barua, kupeleka majalada kwa maofisa na kuyarudisha masjala, na kutoa taarifa kifaa kikiharibika. Ukisoma haraka utadhani yote yana uzito mmoja. Chai ikichelewa watu watanung'unika, basi. Jalada likipotea, kuna mwalimu atakosa kupanda daraja, au mjane atazungushwa na mafao ya marehemu hadi achoke.

Hatua ya kwanza: kuripoti

Nenda Idara ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu ukiwa na barua ya kupangiwa kituo, vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na namba ya akaunti ya benki. Beba pia nakala za kila kitu. Utajaza fomu za taarifa zako binafsi na utasaini kiapo cha kutunza siri za serikali. Kisome kabla ya kusaini, wengi hawakisomi. Kisha fuatilia cheki namba yako, yaani namba ya mtumishi inayotumika kwenye mishahara, kwa upole lakini bila kuchoka, kwa sababu bila hiyo hakuna mshahara. Kipindi cha majaribio ni miezi 12, ndipo unathibitishwa kazini. Barua ya kuthibitishwa usiisubiri ije yenyewe. Miezi ikikaribia kutimia, ulizia.

Hatua ya pili: ijue mitaa ya serikali

Hapa wageni wa mji wetu hupotea. Kigoma kuna ofisi ya Mkuu wa Mkoa, kuna ya Mkuu wa Wilaya, kuna Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na kuna Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Bahasha iliyoandikwa "Mkurugenzi, Kigoma" inaweza kwenda kokote. Kasulu ni hivyo hivyo, kuna Halmashauri ya Mji na ya Wilaya. Wenzetu wa Nzega kule Tabora nao wanazo mbili. Soma anwani yote kabla hujatoka getini, na kama haieleweki, rudi kwa aliyeiandika. Kurudi hatua kumi si aibu.

Ndani ya jengo, jifunze nani yuko chumba gani na nani anakaimu nani asipokuwepo. Kukaimu ndiyo habari muhimu zaidi kwenye halmashauri, kwa sababu wakuu wa idara husafiri sana.

Hatua ya tatu: asubuhi

Saa za kazi ni 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, lakini wewe saa 1:30 ofisi inatakiwa iwe imeshafunguliwa na kufagiliwa. Kiangazi vumbi letu jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukipiga vumbi kwa kitambaa kikavu unalihamisha tu kutoka mezani kwenda kwenye makabati ya mafaili. Masika kagua madirisha ya upande wa mvua kabla ya kuondoka, na vitu vilivyowekwa sakafuni vinyanyue.

Mezani kwa ofisa futa pembeni ya karatasi, usizipange. Unachokiona wewe ni fujo, mwenyewe anajua kila kimoja kilipo. Na karatasi zilizochapwa zisitoke na taka za kawaida. Nimewahi kununua karanga mjini hapa zimefungwa kwenye orodha ya watu yenye majina na namba za simu, sijui ilitoka ofisi gani. Karatasi za namna hiyo ziharibiwe kwa utaratibu wa masjala; usimpe mtu hata akiomba "za kufungia tu".

Hatua ya nne: jalada

Barua ikiingia, masjala inagonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaiandika kwenye rejista ya barua zinazoingia, inaiweka kwenye jalada lake na kuipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Kisha jalada linaandikwa kwamba linakwenda kwa ofisa fulani. Hapo ndipo unapoingia wewe. Ofisa anasoma, anaandika dokezo, analielekeza kwa mwingine au analirudisha. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ndiyo inayosimamia mambo haya kwa ujumla, lakini sheria haitembei kwenye korido. Wewe ndiye unayetembea.

Kanuni yangu ni moja: kitu hakitoki mkononi mwako bila sahihi. Ofisa hayupo, rudi nalo. Usiliache mezani "atalikuta". Usimpe mlinzi, usimpe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, hata kama wote ni watu wazuri.

Tatizo kubwa zaidi ni jalada linaloruka. Ofisa wa kwanza akimaliza anakuambia, "Mpelekee mhasibu moja kwa moja." Masjala bado inajua liko kwa yule wa kwanza. Wiki mbili zikipita linatafutwa, wa kwanza anasema nilishatoa, mhasibu anasema sijaliona, na wa mwisho kuonekana nalo ni wewe. Kwa hiyo likielekezwa kwingine, lipitishe masjala kwanza liandikwe, au kama ni dharura lipeleke kisha ushuke masjala saa hiyo hiyo waandike. Usiseme nitawaambia kesho.

Majalada ya siri yana masjala yake na watu wake. Ukipewa ulibebe litakuwa limefungwa kwenye bahasha. Libebe, pata sahihi, ondoka. Hata jina lililoandikwa juu ya bahasha usilitaje kwenye chai.

Jalada likiwa na alama ya kuletwa tena tarehe fulani, masjala watakutuma kulifuata au kulipeleka. Tarehe hiyo iheshimu, kwa sababu mara nyingi nyuma yake kuna kesi, kikao au muda wa mkataba.

Ofisi nyingi sasa zinatumia e-Ofisi, barua inapigwa skani na kutembea kwenye kompyuta. Karatasi hazijaisha. Majalada ya zamani ya watumishi na ya viwanja bado yako makabatini, na yakihitajika yanabebwa kwa mikono.

Hatua ya tano: barua za nje

Daftari la kupelekea barua, lile tunaloliita dispachi, liwe na tarehe, kumbukumbu namba ya barua, inakokwenda, jina la aliyepokea, sahihi, na muhuri ukipatikana. Mtu akisaini mkwaju usiosomeka, mwombe kwa adabu aandike na jina: "Samahani mama, naomba na jina tafadhali, nisije nikasumbuliwa." Hakuna anayekataa.

Kata za mjini kama Gungu, Bangwe au Buzebazeba unazimaliza kwa bodaboda. Kazi iko kwa wenzetu wa halmashauri za wilaya wenye vijiji vya ziwani. Barua ya Kagunga inapanda boti pale Kibirizi, na ziwa likichafuka hakuna boti. Barua ya mwaliko wa kikao ikichelewa kutoka ofisini, mtendaji ataipata kikao kimeisha. Siku hizi tunaipiga picha na kuituma kwenye kundi la watendaji la WhatsApp, ni sawa, inasaidia. Lakini nakala halisi bado iandikwe kwenye daftari na ipelekwe. Picha ya simu haina sahihi ya mpokeaji.

Hatua ya sita: vikao na chai

Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, na kabla yake kuna kamati za kudumu. Wiki hizo utadurufu makabrasha hadi mashine ichemke. Angalia kurasa za nakala ya kwanza zote kabla ya kudurufu nyingine, maana ukurasa ukikosekana pale utakosekana kwenye zote, na diwani wa kwanza kuligundua hatanong'ona.

Chai: usitoe hela yako mfukoni ukitegemea kurudishiwa. Fedha za kikao zina ofisa aliyechukua masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa kisha kuzitolea hesabu, yeye ndiye anayenunua au kukupa za kununulia, na urudi na risiti ya EFD.

Fedha za wananchi usizishike kabisa, hata mzee akikuomba umlipie kwa kuwa haoni vizuri. Malipo ya serikali ni kwa kontrol namba, mpeleke kwa anayeitoa. Na anayekupenyezea elfu mbili "ya soda" ili jalada lake liwe juu, mrudishie mbele za watu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina kifungu cha soda.

Hatua ya saba: watu wa mlangoni

Mwananchi wa kwanza kukutana na halmashauri hukutana na wewe. Bibi aliyeshuka kutoka Kalinzi alfajiri, ukimsalimia "mwakeye" kwa Kiha amekwishapumua hata kabla shida yake haijasikilizwa. Usimwambie "bosi hayupo" ukaishia hapo. Mwambie anakaimu nani, arudi lini, na kama jambo lake linaweza kushughulikiwa na mtendaji wa kijiji chake mwambie pia, umwokolee nauli. Usimwahidi kwamba litafanikiwa. Huna mamlaka hayo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kasulu: Mkuu, nina D ya Kiingereza na D ya Hisabati. Niombe au nisijisumbue?

Jibu: D ni ufaulu kidato cha nne, omba. Soma tangazo lenyewe neno kwa neno, halafu tuma kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira kama lilivyoelekeza. Wapo wanaoachwa kwa sababu ya cheti kisichosomeka baada ya kupigwa skani, si kwa sababu ya D.

Mdau wa Kibondo: Dada, mkuu wangu wa idara ananituma sokoni na kumfuata mtoto wake shule saa za kazi. Nikikataa nitaonekana jeuri.

Jibu: Usikatae kwa maneno, tumia kazi. "Sawa mkuu, nikishapeleka haya majalada matatu, masjala wananisubiri." Mara nyingi atamtuma mwingine. Ikiwa kila siku ndivyo hivyo, ongea na ofisa utumishi faragha, siyo kwenye korido. Kumbuka pia siku hizi tunapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa mtumishi. Safari za sokoni hazina mahali pa kuingizwa, na mwisho wa kipindi utaonekana hukufanya kitu.

Mdau wa Uvinza: Ofisa amekaa na jalada mwezi mzima, masjala wananibana mimi.

Jibu: Una sahihi yake? Ikiwepo, waoneshe masjala ukurasa huo na kazi yako imeisha. Wao ndio wa kumwandikia. Isipokuwepo, mfuate leo, lione kwa macho yako lilipo, umwombe asaini kwa tarehe ya leo. Usimwombe arudishe tarehe nyuma. Hiyo ni kughushi.

Mdau wa Urambo: Nataka nisibaki kada hii. Njia ni ipi?

Jibu: Iliyo karibu zaidi ni utunzaji kumbukumbu. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tabora, kwako ni jirani kabisa. Subiri kwanza uthibitishwe kazini, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia mkuu wako, usiondoke kwa ruhusa ya mdomo. Ukihitimu, cheti peke yake hakikubadilishii kada: lazima nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti, kwa hiyo peleka maombi mapema kabla bajeti haijafungwa. Na usisome kozi kwa sababu rafiki yako anaisoma. Muulize ofisa utumishi ni kada gani halmashauri yenu ina upungufu.

Mdau wa Ujiji: Najitolea ofisi ya kata, nimeahidiwa nikiwa mvumilivu nitaajiriwa. Ni kweli?

Jibu: Mdogo wangu, hakuna mwenye uwezo wa kukuahidi hivyo. Ajira inapita kwenye kibali na usaili. Kujitolea kunakupa uzoefu na watu wa kukutaja, basi omba barua inayoonyesha tarehe ulizoanza na kazi unazofanya, na kila tangazo likitoka omba kama wengine. Na kwa kuwa hujala kiapo, usikubali kubeba bahasha za siri hata ukitumwa. Mwambie mtendaji kwa heshima azibebe mwenyewe.

Mdau wa Manispaa ya Tabora: Nikiumwa ghafla, funguo za ofisi ninazo mimi. Nifanyeje?

Jibu: Seti ya pili ikae kwa ofisa utawala au kwa mlinzi kwenye daftari lenye sahihi. Kama haipo, dai itengenezwe wiki hii. Usimpe mtoto wa jirani akupelekee.