Masomo ya jinsia chuoni: anza na swali unalouliza

Kama umeingia kwenye masomo ya jinsia, iwe unaandika tasnifu yako ya kwanza au umepangiwa tu darasa ufundishe semesta hii, nakuomba usianze na nadharia. Anza na maswali yako. Nimesoma proposo nyingi zenye nadharia nzuri kabisa, halafu ukifungua dodoso unakuta jinsia yote imeishia kwenye kisanduku kimoja, Me au Ke, tiki, basi.

Weka sawa maneno kwanza. Jinsi ni maumbile, jinsia ni yale ambayo jamii inatarajia uwe na ufanye kwa sababu ya hayo maumbile. Mtaani tunasema jinsia kwa yote mawili na hakuna ubaya, ila kwenye kazi yako chagua na ushike hapohapo, maana ukiandika "tofauti za kijinsia" halafu jedwali linaonyesha idadi ya Me na Ke tu, hapo umehesabu jinsi, kuhusu jinsia bado hujasema kitu. Jinsia inaanza pale unapouliza kwa nini namba ziko hivyo, nani kaamua, nani anafaidika, mzigo kabeba nani.

Mimi lilinifundisha swali la kazi. Dodoso langu la kwanza lilikuwa na "Je, unafanya kazi?", mama mmoja akanijibu "hapana mwanangu, mimi nipo tu nyumbani", na hapo mikono imejaa povu la sabuni, beseni mbili za nguo mbele yake, mjukuu kalala mgongoni. Nikatiki "hafanyi kazi". Ile tiki iliniuma sana nilipokuja kuingiza data, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu halafu karatasi yangu ikamfuta.

Sasa hivi nauliza hivi: nachora saa 24 za jana, naanza na "uliamka saa ngapi, ukafanya nini kwanza, na wakati unafanya hicho kuna kingine ulikuwa unafanya hapohapo?" Hilo la mwisho usiliruke kabisa, kuangalia mtoto au mgonjwa huwa kunakwenda pamoja na kazi zingine, usipouliza hakutokei popote. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikusanya takwimu za matumizi ya muda kutoka nchi 64 likakuta saa bilioni 16.4 kila siku zinakwenda kwenye kazi za matunzo zisizolipwa, na asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Swali langu lile lisingeiona hata saa moja.

Halafu kuna "mkuu wa kaya". Ukimhoji yeye peke yake ukaandika "kaya ilisema", umechukua sauti ya mtu mmoja ukawavika wote. Hoji zaidi ya mmoja, kila mtu peke yake, na majibu yasipofanana usikimbilie kutafuta nani mkweli, huko kutofautiana ndiko data yenyewe.

Kiswahili nacho kina mambo yake, na hapa ndipo wengi tunateleza. "Alisema" haikuambii ni mwanamke au mwanaume, kwa hiyo tangu siku ya kurekodi mpe kila msemaji alama yake inayoonyesha ni mwanamke au mwanaume, vinginevyo ukija kutafsiri kwenda Kiingereza kinakulazimisha uchague na utajikuta unabahatisha, nesi anakuwa mwanamke, daktari anakuwa mwanaume, na hakuna aliyekuambia hivyo. Na kwenye ndoa, mmoja anaoa mwingine anaolewa, yaani kitenzi chenyewe kimeshagawa nani mtendaji. Uliza tu "upo kwenye ndoa?" halafu andika neno atakalotumia mwenyewe.

Ukigusa ukatili ndani ya nyumba, usiende kichwa kichwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2001 inataka mahojiano ya faragha, mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, na wengine pale nyumbani wasijue mada yenyewe, kwa sababu anayempiga akijua umeuliza nini unaweza kuondoka na data yako ukamwachia huyo mwanamke kipigo. Mtu akiingia, badilisha mada, uwe na maswali ya akiba ya afya ya kawaida. Ridhaa pia si saini tu, mkumbushe katikati kwamba anaweza kuacha.

Darasani sasa. Usimgeuze mwanafunzi yeyote kuwa msemaji wa wanawake wote, au wa wanaume wote, na usiwalazimishe kusimulia maisha yao, wapo waliopitia mazito. Wape kesi. Ninayoipenda mimi ni ya wanawake watano weusi walioishtaki General Motors kule Marekani: kampuni ilipopunguza watu kwa kufuata aliyeingia mwisho atoke kwanza, wao wakaondoka, kwani kabla ya 1964 ilikuwa haiajiri wanawake weusi. Mwaka 1976 mahakama ikasema wanawake walikuwa wanaajiriwa miaka mingi, kwa hiyo ubaguzi wa jinsi hakuna, na ikakataa kuunganisha rangi na jinsi kwenye dai moja. Wale wanawake waliokuwa wanaajiriwa walikuwa weupe! Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, aliichambua kesi hii mwaka 1989 alipoeleza jinsi ubaguzi unavyokutana kwenye mwili wa mtu mmoja, nadharia aliyoiita intersectionality. Waache wanafunzi walitafute wenyewe lile shimo kwenye hoja ya mahakama kabla hujamtaja Crenshaw, ukianza na jina la nadharia watakariri tu.

Kabla ya mjadala wape dakika mbili za kuandika kimya kimya, inasaidia sana wale ambao hawanyooshi mikono. Mmoja akae nyuma aweke alama kila mtu anapoongea na kila anapokatizwa, mwisho wa kipindi mnaiangalia pamoja ile karatasi, bila majina, wanawake mara ngapi, wanaume mara ngapi.

Na kazi yao ya semesta, wape dodoso bovu. Mimi huwa nawapa lile langu la kwanza, waliandike upya, wakalijaribu kwa watu watatu, halafu waniletee yale maswali yaliyokataa kujibika.