Ukitafuta sheikh wa njia, anza na nyumbani kwake

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mumias. Miaka kadhaa iliyopita nilishikwa na kiu ya kumjua Mungu kwa moyo, nikakusanya vitabu vya zikri kwenye simu na kujipangia uradi, yaani zikri ya kurudiarudia, wa mara elfu tano kila usiku. Baada ya miezi miwili nilikuwa nasinzia juu ya cherehani, sare za wanafunzi zimechelewa, nyumbani nafoka kwa jambo dogo. Na bado nilijiona nimepanda daraja.

Mzee mmoja wa Qadiriyya, mojawapo ya twarika (njia) za masufi, Waislamu wanaotafuta kumjua Mungu kwa moyo, anayeishi Kisumu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Mama watoto anasemaje?" Nikanyamaza. Akanipunguzia: istighfari (kumwomba Mungu msamaha) mia moja baada ya alfajiri, basi, na nguo za watu zitoke siku niliyoahidi. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mwalimu aliye hai. Kitabu hakioni kwamba umekonda.

Ukimtafuta wako, karama, yaani maajabu anayosifiwa nayo, ziache kando. Nenda kwake kama mgeni yeyote, kaa karibu na mlango, tazama anavyosema na anayemletea chai, na anavyompokea maskini anayebisha hodi. Kisha muulize kwa adabu: "Sheikh, njia uliichukua kwa nani?" Mwenye silsila, yaani mnyororo wa walimu, hakasiriki, atakutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Akichukia swali, mshukuru kwa chai uondoke.

Kuhusu pesa nasema kwa uchungu, maana kabla ya mzee huyu kuna mtu alinitoza shilingi elfu sita eti anifungulie siri. Kilo ya sukari kwa hiari yako haina neno. Ada ya siri, kimbia. Nanyi dada zangu, akitaka mkutane faraghani, tokeni hapo hapo. Hakuna daraja inayomwondolea mtu mipaka ya sharia.

Wengine watakutajia kisa cha Nabii Musa na Khidhri, mja wa Mungu aliyemfuata ili ajifunze, Suratul Kahf aya ya 60 hadi 82, kwamba muridi, yaani mwanafunzi wa sheikh, hapaswi kuuliza. Kisome mpaka mwisho. Kabla ya kuachana, Khidhri alimweleza Musa sababu ya jambo moja moja: jahazi alilolitoboa, kijana aliyemuua, ukuta alioutengeneza. Na aliyatenda kwa amri ya Mungu. Sheikh wa leo hana ruhusa ya kutoboa jahazi la mtu.

Usichukue ahadi ya kumfuata sheikh siku ya kwanza. Mimi nilingoja Ramadhani moja hadi nyingine. Mpelekee swali linalokuaibisha, lile la kuonyesha umesoma libaki nyumbani. Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mashuhuri Baghdad alipoiacha kazi hiyo mwaka 1095. Vitabu vya masufi alikuwa keshavisoma, akatambua kwamba kilichobaki huonjwa.

Ukipewa uradi, usiongeze hata mmoja. Usingizi ukipungua, hasira ikizidi, au ukianza kuwadharau wenzako msikitini, mwambie wiki hiyo hiyo. Mimi hupanda matatu kwenda Kisumu Jumapili moja kila mwezi. Maswali madogo nampigia simu, lakini ya hasira nangoja anione uso, maana kwenye simu najua kuituliza sauti.