Namna ya kupima kujiamini kwa wanafunzi wanaohamia shahada za sayansi

Muulize mwanafunzi aliyetoka chuo cha jamii cha miaka miwili huko California, akahamia UCLA au Davis, kampasi za Chuo Kikuu cha California (UC), kusomea biolojia: "Unajiamini katika sayansi?" Atasema ndiyo. Jibu hilo halina msaada kwa mshauri, maana tunachotaka kujua ni wapi hasa anasitasita, tena kabla ya mtihani wa kwanza.

Hatua ya 1: Kusanya kazi anazotakiwa kuzimudu. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyechapisha nadharia yake mwaka 1977, alisisitiza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hufungamana na jambo mahususi. Kwa hiyo kaa na wahadhiri, kisha kaa na wanafunzi waliohamia mwaka uliopita. Wahadhiri watakutajia hesabu na maabara. Wanafunzi watakutajia kubisha hodi ofisini kwa profesa, kupata wenzao wa kusoma nao, na kasi. Mimi huwasikiliza zaidi hawa wa pili. Vyuo vingi vya jamii vya California hufuata semesta, ilhali kampasi nyingi za UC, ukiacha Berkeley na Merced, zina mihula yenye wiki 10 tu za masomo. Mgeni hajazoea hata njia za kwenda madarasani, mtihani umeshafika.

Hatua ya 2: Andika maswali. Tumia "unaweza", usitumie "utafanya". Weka kipimo cha 0 hadi 100 kinachopanda kwa makumi, kama Bandura mwenyewe alivyoshauri. Mfano:

"Kwa sasa, una uhakika kiasi gani kwamba unaweza:
– kueleza hatua za mmenyuko wa kemia bila kutazama daftari?
– kumweleza profesa, ana kwa ana, kwamba hukuelewa somo?
– kusema hivyohivyo mbele ya ukumbi uliojaa?"

Angalia jinsi ugumu unavyopanda. Wote wakijaza 100, swali ni jepesi mno. Na usifunge mambo mawili katika swali moja. "Kuandika na kuwasilisha ripoti" ni kazi mbili.

Hatua ya 3: Lifanyie dodoso majaribio. Wape wanafunzi wachache walisome kwa sauti na waseme wanachofikiri kabla ya kujaza. Panapowakwaza, andika upya.

Hatua ya 4: Pima mara tatu: wanapofika, baada ya mtihani wa kwanza, na mwisho wa muhula. Tangu mwaka 1965 mtafiti John Hills alionyesha kwamba alama za wanaohama huelekea kushuka katika muhula wa kwanza, na kujiamini kunaweza kushuka pamoja nazo. Lakini kuna mtego hapa. Aliyejaza 80 mwezi wa Septemba na 60 mwezi wa Desemba huenda hajavunjika moyo hata kidogo. Huenda sasa ndiyo anajua kazi ilivyo nzito. Ndiyo maana katika dodoso la mwisho naongeza: "Ukitazama nyuma, ulipofika ulikuwa unaweza kwa kiasi gani?" Akijibu 40, basi kwa macho yake amepanda kutoka 40 hadi 60. Bila swali hilo tungemhesabu miongoni mwa walioshuka.

Hatua ya 5: Linda siri zao. Waambie tangu mwanzo nani ataona majibu, na kwamba hayagusi alama zao. Tumia namba badala ya majina, na orodha ya kuoanisha namba na majina aishike mshauri peke yake. Ukikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, pata kwanza kibali cha bodi ya maadili ya chuo.

Hatua ya 6: Soma mstari kwa mstari. Wastani wa jumla huficha mengi. Mwenye 90 kwenye kukokotoa na 20 kwenye kwenda kwa profesa hahitaji masomo ya ziada. Anahitaji mtu wa kumsindikiza mara ya kwanza, ikiwezekana mwanafunzi aliyehamia kabla yake kutoka chuo kilekile. Mtafutie mtu huyo wiki hiyohiyo, kwa sababu katika muhula wa wiki 10, kungoja ripoti ikamilike ni kumkosa.