SOMO: Woma gani inafaa mgahawa mdogo (someni kabla ya kuja inboksi)

Wadau, mimi ni fundi wa vifaa vya jikoni hapa Dar, na swali la "fundi nichukue woma gani" (woma ni kile kifaa cha umeme cha kutunza chakula kikiwa cha moto) naliona kila siku, jibu ni lilelile, kwa hiyo naliandika hapa mara moja na atakayeuliza tena namtumia huu uzi.

1. Anza na menyu, usianze na bei. Wali, pilau, maharage, mchuzi, nyama ya rosti, hivyo vinataka woma ya maji, ile yenye beseni chini na trei juu. Chipsi, sambusa na kuku wa kukaanga vinataka kabati la kioo la joto kavu lenye matundu ya kutolea mvuke. Ukivipindua umeumia, chipsi juu ya mvuke zinalegea mteja akiwa bado kwenye foleni na wali kwenye joto kavu unakuwa kokoto. Supu na uji, chukua ile sufuria nyeusi ya umeme ya duara ya lita 10, haili nafasi.

2. Pima meza. Trei kubwa ya kawaida ni sentimita 53 kwa 32.5, woma yenyewe inazidi hapo.

3. Trei ndogo kadhaa ni bora kuliko kubwa moja. Kubwa ya kina cha sentimita 10 inabeba kama lita 14, ile ya theluthi kama lita 4, na mchuzi kidogo kwenye trei kubwa unakauka pembeni kabla saa nane haijafika.

4. Umeme. Soketi ya pini tatu ni ampea 13, kwa volti 230 ni kama wati 3,000 basi. Woma ya wati 1,500 na birika la umeme la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja ni kuyeyusha plagi. Na waya wa athi uwepo na ufanye kazi, hiki ni chuma kina maji ndani na anayepakua anakishika kwa mkono uliolowa.

5. MAJI. Hapa ndipo woma nyingi zinapofia, someni polepole. Maji yanaingia kabla ya kuwasha, yafunike elementi yote (ule mrija wa chuma unaopasha maji), na yaingie yakiwa ya moto tayari kutoka jikoni, maana ukiweka ya baridi utasubiri muda mrefu na wateja wameshafika. Kila baada ya kama saa moja nyanyua trei uangalie, mvuke unaondoka kimyakimya hasa kama kuna trei haina mfuniko. Ukikuta pamekauka ZIMA, acha ipoe, ndiyo ujaze. Ukimwaga maji ya baridi juu ya elementi iliyoiva inapasuka, na ndiyo kazi ninayoletewa kuliko zote. Halafu wale wa maji ya kisima, yale yenye chumvi: yanaacha gamba jeupe kwenye elementi, gamba linazuia joto lisitoke, elementi inajiunguza yenyewe. Loweka kwa siki au ndimu na maji ya vuguvugu, sugua kwa brashi laini, usikwangue kwa kisu. Na mnaponunua chagueni yenye koki ya kumwagia maji chini. Isiyo na koki watu wanaiinamisha ikiwa bado kwenye umeme, msifanye hivyo jamani.

6. Woma haipashi chakula, inatunza joto tu. Chakula kiingie kimetoka kuchemka, na kikae juu ya 60°C muda wote. Ile namba kwenye swichi ni ya maji, siyo ya maharage yako, nunua kipimajoto cha kuchoma upime katikati ya trei.

7. Funika.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Fundi bei gani?
— Ya ipi? Nimetaja aina tatu. Rudi na menyu.

Chipsi Temeke: ninayo ya maji naweka chipsi zinalegea, itakuwa mbovu?
— Nzima kabisa. Namba 1.

Mama Pilau Tabata: Shikamoo fundi. Wali ukibaki mchana naufunika naweka pembeni, jioni naurudisha kwenye woma unapata moto vizuri. Kuna ubaya?
— Marahaba dada, asante kwa kuuliza. Ubaya upo. Wali una kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kupika, na wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki. Kwa hiyo ama uache kwenye woma juu ya 60 mfululizo, au uutandaze mapema kwenye trei pana upoe haraka uingie friji, jioni uupashe jikoni hadi utoe mvuke mpaka katikati, ndiyo uende kwenye woma. Ila mimi ningepika mara mbili, kidogokidogo.

Mama Pilau Tabata: Na maharage?
— Yaleyale, na nyama pia. Sufuria kubwa katikati inapoa polepole mno, gawa kwenye vyombo vifupi.

Mdau wa Mbezi: unatutisha tu, mama yangu kapikia mkaa miaka yote hakuna aliyeumwa
— Wapi nimesema mkaa mbaya? Maharage juu ya mkaa uliofunikwa majivu yanatokota taratibu, hiyo ni juu ya 60. Nimesema chakula kiwe cha moto, sijasema lazima umeme.

Kijana Ubungo: LUKU itaisha haraka?
— Wati 1,500 kwa saa 6 ni yuniti 9 kama haipumziki, lakini thamostati (swichi ya joto) inakata umeme na kurudisha kwa hiyo itakuwa chini ya hapo. Maji ya moto ya namba 5 na mifuniko ndiyo akiba yako.

Mama Pilau Tabata: Na umeme ukikatika katikati ya mchana?
— Usifunue ovyo, yale maji yanashikilia joto kwa muda. Ukiona unachelewa kurudi hamishia kwenye hotpoti, lakini kwanza suuza hotpoti kwa maji yanayochemka, hotpoti ya baridi inanyonya joto la wali. Kikishakaa chini ya 60 zaidi ya saa mbili usikiuze.

Mdau wa Mombasa: Nami niongeze, mkienda dukani bebeni sumaku, steli nzuri ya daraja la 304 haishiki sumaku
— Kweli, ila tahadhari, 201 nayo haishiki na ni ya bei rahisi zaidi, kwenye maji ya chumvi inaanza vidoa vya kutu mapema. Sumaku itakutolea zile za 430 tu, ambazo zinashika. Muulize muuzaji ni namba ngapi na aiandike kwenye risiti.