Chatu jike amekonda: apandishwe msimu huu au asubiri?

Kila kipupwe kikikaribia napigiwa simu ileile. "Kaka, chatu wangu jike amekonda kidogo, lakini umri umefika na dume lipo. Niwaweke pamoja?" Mara nyingi anayeuliza ameshaamua, anatafuta tu wa kumwambia "sawa". Basi nimeona niandike ninavyofanya mwenyewe, ili akinipigia tena nimtumie hii.

Ninafuga nyoka nje kidogo ya jiji la Tanga, njia ya Pongwe. Maelezo haya ni ya chatu wa Afrika, huyuhuyu wetu wa vichakani na kwenye mashamba ya mkonge. Nyoka wadogo wana hesabu zao.

Jambo la kibali nalimaliza hapa. Chatu ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukimkuta shambani kwako hajawa wako, na kumfuga au kumzalisha kunataka ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Na kama ndoto yako ni kuuza watoto nje, kumbuka kwamba mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Ulizia kwanza, maana watoto 30 wa chatu ni midomo 30.

Hatua ya 1: Jua anakwenda kutumia nini

Ng'ombe mwenye mimba anaendelea kula, tena anakula zaidi. Chatu sivyo. Mayai yakishaanza kukua tumboni hukataa chakula, akitaga hujiviringisha juu yake na kuendelea kukataa, mpaka yaanguliwe. Jumla yake inafika karibu nusu mwaka, na kila kinachoingia kwenye yai kinatoka kwenye mafuta aliyojiwekea kabla.

Sasa piga hesabu. Mayai huwa kati ya 20 na 50, na kila moja linapita gramu 100. Mayai 30 ni zaidi ya kilo tatu. Kwa jike wa kilo 12, robo ya mwili wake inatoka kwa mkupuo mmoja, na bado hajaanza kulalia.

Kulalia kwenyewe ni kazi. Watafiti wa Afrika Kusini waliowafuatilia chatu porini wameona jike akitoka shimoni kuota jua mpaka mwili wake unakaribia nyuzi 40, kisha anarudi kuyakumbatia mayai akiwa bado wa moto. Msimu huo ngozi yake hugeuka nyeusi. Watoto wakianguliwa hukaa nao wiki kama mbili nyingine, tumbo tupu. Ndiyo maana porini wengi hawazai kila mwaka.

Kwa hiyo usiniulize "kilo ngapi zinatosha?" Niambie ana akiba gani, na baada ya mayai kutoka atabaki na nini.

Hatua ya 2: Mpime akiwa mtupu

Nina jike mmoja tunamwita Bi Mkonge. Aliletwa kwangu na maafisa baada ya kukutwa katikati ya mashina ya mkonge, urefu mita tatu na kidogo, na kupe wamejipanga chini ya magamba ya shingo kama shanga. Siku ya kwanza kijana wangu wa kazi alimweka kwenye kiroba, tukatundika mizani kwenye tawi la mwembe. Mshale ukawa unacheza: tisa, kumi, nane na nusu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anajigeuza ndani. Kijana akaandika kumi. Nikamwambia, "Futa. Ngoja atulie." Alipotulia ilikuwa kilo 8.9, na tulipotoa uzito wa kiroba ikabaki 8.7.

Nusu ya makosa ninayoyaona yanatokea hapa. Pima baada ya mlo wa mwisho kusagika na yeye kupata haja, si siku tatu baada ya kumeza sungura. Tumia mizani ileile, kiroba kilekile. Chatu wa mita tatu asishikwe na mtu mmoja hata kama ni mpole, sisi tunakuwa watatu. Rudia kila wiki mbili na uandike kwenye daftari. Namba ya siku moja haikwambii kitu, ila ukiwa na namba sita mfululizo utaona anapanda au anashuka.

Hatua ya 3: Acha mizani, tumia mkono

Nyoka wawili wa kilo kumi wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa, maana mmoja ana mita tatu na mwingine nne. Hivyo mimi huamini zaidi kidole gumba.

Mnyooshe taratibu, umpapase kuanzia shingoni hadi mkiani. Kwa jike aliyeshiba vizuri, uti wa mgongo unausikia ukibonyeza, lakini hauuoni. Mwili ni wa mviringo, chini umelala kidogo kama mkate wa boflo. Kwa aliyekonda, mgongo unasimama kama paa la nyumba, na pande zake mbili kuna bonde. Kwa Bi Mkonge kidole changu kilikaa kwenye bonde hilo chote, mpaka ukucha.

Halafu mtazame akijikunja. Ngozi ikijikusanya mikunjo mirefu kwenye kona, amepungua mwili. Angalia kichwa: kikionekana kikubwa kuliko shingo na kifua vinavyokibeba, ni dalili ileile. Malizia sehemu ya nyuma, kabla ya tundu la haja. Mafuta ya nyoka hukaa ndani ya tumbo, zaidi upande huo wa nyuma, na mkia unaoanza kwa kusinyaa ghafla unaonyesha ghala ni tupu.

Kinyume chake pia kipo. Jike ambaye magamba yameachana hata ngozi ya katikati inaonekana, na viuno vimefura pembeni mwa mkia, amenenepeshwa kupita kiasi. Huyo naye humpandishi, mayai humkwama.

Hatua ya 4: Tafuta kwa nini amekonda

Watu wengi huruka hapa, wakakimbilia kununua sungura. Nyoka haanzi kukonda bila sababu, na chakula hakiondoi sababu.

Anza na joto, ndilo rahisi. Weka kipimajoto sakafuni mwa banda, si ukutani juu. Upande wa moto nataka nyuzi 32 mpaka 34, wa baridi 26 au 27. Mtu wa Tanga atasema hapa joto halitafutwi, na Machi ni kweli. Lakini Julai usiku linashuka mpaka kama nyuzi 20, na banda la sementi linakaa baridi hadi saa nne asubuhi. Chatu aliyemeza kisha akapoa hutapika.

Fungua mdomo, au mwache daktari wa mifugo aufungue. Fizi nyekundu, ute mzito, vitu vyeupe kama maziwa yaliyoganda: mdomo umeoza, na kula kunamuuma. Tazama kupe na utitiri chini ya magamba, kuzunguka macho, kwenye mfereji wa kidevu. Utitiri ni vidoti vyeusi vinavyotembea, na utaviona vimezama kwenye bakuli lake la maji.

Kinyesi kipelekwe maabara kikiwa kibichi. Sisi wa Tanga tuna bahati, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa hapa mjini. Waambie unatafuta minyoo na pia kriptosporidia, vimelea vidogo sana vya tumboni. Hiyo ya pili ndiyo inayonitisha: nyoka anatapika mara kwa mara, anakonda huku anakula, na tumbo linavimba katikati pahali pa mfuko wa chakula. Ikithibitika, mtenge, na habari ya kuzalisha ifungwe moja kwa moja.

Na wewe nawa mikono kwa sabuni. Salmonela ya nyoka, bakteria wa kuharisha, inaingia kwa binadamu, na chatu wa porini wana vimelea vya mapafu ambavyo mayai yake yanaweza kukuingia wewe pia.

Hatua ya 5: Mlishe polepole

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Miaka ya nyuma nilipata jike aliyekonda, nikamhurumia, nikampa sungura mkubwa siku ileile. Alimtapika usiku wa tatu, banda zima lilinuka mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikamsukuma hivyohivyo, Juni nikamweka na dume. Alitaga mayai 19, kumi na moja yakiwa ya njano, magumu, yamesinyaa kama maembe yaliyokauka juani. Alichukua zaidi ya miaka miwili kurudi kama alivyokuwa.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauhimili shibe ya ghafla. Chumvi za damu huvurugika, na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Kwanza maji, siku mbili tatu. Kisha mlo mdogo, asilimia tano hivi ya uzito wake. Kwa Bi Mkonge nilianza na kifaranga wa kuku na panya wawili wa kufugwa. Ukae siku kumi au zaidi, akipata haja ndipo umpe mwingine. Baada ya milo mitatu au minne isiyotapikwa ongeza kidogo kidogo hadi asilimia kumi. Akitapika mara moja, mwache wiki mbili, urudi nyuma.

Hatua ya 6: Amua kabla ya Juni

Mimi uamuzi naufanya mwisho wa Mei, masika yakimalizika, kwa sababu kipupwe kikishaanza dume linakosa utulivu na mwenye nyoka naye vilevile. Ninamruhusu jike akitimiza haya yote: amekula milo sita mfululizo bila kutapika, uzito umepanda au umesimama kwa miezi mitatu, mgongo umefunikwa, amejivua gamba kipande kimoja, mpaka vifuniko vya macho, kinyesi kimerudi safi kutoka maabara. Likikosekana moja, anasubiri mwaka. Chatu anaishi miaka 20 na zaidi, mwaka mmoja kwake si kitu.

Kuna mtego mmoja. Jike anayeongezeka unene wa katikati ghafla huku akikataa kula huenda hajanenepa, ana mayai tayari, hasa kama alitoka porini. Mpeleke apigwe ultrasaundi kabla hujajipongeza.

Na kama amekonda na ameshapandwa? Usimnyime chakula anachokubali, milo midogo midogo. Mpe sehemu ya moto isiyozimika na umeme, tafuta betri. Akitaga, yachukue mayai uyaweke kwenye kiangulio cha nyuzi 31 hadi 32, usiyageuze juu chini, umwondolee kazi ya kulalia ili arudi kula mapema. Ataudhika. Vaa glovu.

Bi Mkonge mwisho wa Mei alikuwa kilo 11.2, kidole changu hakipati bonde tena, na gamba lilitoka zima. Lakini mlo mmoja, Machi, aliutapika. Kwa hiyo milo mfululizo ilikuwa miwili tu. Kijana wangu alinung'unika wiki nzima: "Mzee, mtazame alivyojaa! Huyu kweli wa kusubiri?" Dume liko chumba cha pili, na ufunguo wa kufuli nimeuhamishia kwenye kishikio kimoja na wa pikipiki yangu.